Programu imemaliza kazi, mbona haitoki?

Shikamoo fundi. Nimeandika skripti ya Node.js inayosoma oda za duka letu la vipuri kutoka hifadhidata ya PostgreSQL. Inachapisha kila kitu sawasawa, halafu inakaa tu mpaka nibonyeze Ctrl+C. Kosa ni lipi? (Msomaji, Kisauni)

Marahaba, mwanangu. Skripti yako haijaganda, inasubiri. Node ni kama mwenye duka asiyefunga mlango maadamu kuna mteja ndani, hata kama mteja mwenyewe amesinzia kitini. Mteja wako ni muunganisho wa hifadhidata: uliufungua kwa `client.connect()`, hukuufunga. Ongeza `await client.end()`, tena uiweke ndani ya `finally`, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, maana ombi la SQL kwa hifadhidata likileta kosa njiani, mstari ulioandikwa mwisho kabisa hautafikiwa.

Ukitumia `Pool` (kundi la miunganisho inayotumika tena na tena) badala ya `Client` (muunganisho mmoja), dalili hubadilika: programu hukaa kama sekunde 10 kisha hutoka yenyewe, kwa kuwa huo ndio muda uliowekwa wa kufunga miunganisho isiyo na kazi. Wengi hudhani ni mtandao mbovu. Hapo dawa ni `pool.end()`.

Utaambiwa uweke `process.exit()` mambo yaishe. Mimi siipendi. Hukata programu papo hapo, na kama unayapitisha matokeo kwenye programu nyingine kwa `|`, mistari ya mwisho yaweza kupotea. Oda itakayokosekana, nakuhakikishia, ni ya yule mteja mkorofi kuliko wote.

Ikiwa bado haitoki, tafuta `setInterval`, amri ya kurudia kazi kila baada ya muda, isiyo na `clearInterval` ya kuisimamisha. Kwenye matoleo mapya ya Node, chapisha `process.getActiveResourcesInfo()` uone ni aina gani ya kitu kinachoizuia.

Nikiandika `grep kontena` na kubonyeza Enter, kimya. Kompyuta imekufa? (Changamwe)

Haijafa. grep hutafuta neno ndani ya faili; umesahau jina la faili, kwa hiyo inangoja uiandikie kwa kibodi. Bonyeza Ctrl+D kuiambia maandishi yamekwisha.

Fundi, nimetumia `kill -9` kuiua programu kwa nguvu na bado naiona kwenye orodha. Nizime mashine? (Likoni)

Subiri kwanza. Andika `ps -o pid,ppid,stat,cmd -p` ikifuatwa na namba ya programu, kisha tazama safu ya STAT. Ukiona Z, imeshakufa. Mzazi wake, yaani programu iliyoianzisha, ndiye hajaichukua, basi shughulika na mzazi, ambaye namba yake iko chini ya PPID. Ukiona D, imekwama ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, mara nyingi kwa sababu ya diski inayoharibika au folda ya mtandao isiyojibu, na ishara namba 9, ile ya `kill -9`, haitafanya kazi mpaka itoke humo. Rekebisha diski au mtandao. Kuwasha upya ni hatua ya mwisho. Na siku nyingine anza na `kill` tupu, inayotuma ishara namba 15 ya kuiomba isimame, ili programu ipate nafasi ya kufunga faili zake.

Intaneti ikikatika, dirisha langu la ssh, ninaloingilia kompyuta ya mbali, linaganda, hata Ctrl+C haisaidii. (Dada wa Tudor)

Dada, Ctrl+C yako inatumwa upande wa pili, na njia ya kuufikia haipo. Bonyeza Enter, kisha `~`, kisha nukta: ssh itajifunga hapo hapo. Kwenye `~/.ssh/config` weka `ServerAliveInterval 30`; isipojibiwa mara 3 itakata yenyewe, yaani baada ya kama dakika moja na nusu. Kazi ndefu zifanyie ndani ya tmux, programu ya kule kwenye kompyuta ya mbali inayoziweka hai hata ukikatika, ukirudi hewani utazikuta zinaendelea.