Snickers au Kit Kat kwenye brauni
Dada unayeuliza chokoleti ipi uchanganye kwenye brauni (zile keki nzito za chokoleti), weka Snickers, Kit Kat iache ya kupambia juu tu brauni ikishatoka kwenye oveni. Nauza keki hapa Mbeya na hizi mbili ndo naulizwa kila siku. Kit Kat ndani ni biskuti nyepesi, ukiichanganya na uji wa brauni inanyonya unyevu na ule mkwaruzo wake unaisha, unatafuna kama kadibodi iliyolowa, wakati Snickers ina karanga na karameli, zinavumilia moto vizuri tu. Ila karameli nayo ina ujeuri wake, ikiyeyuka inashuka chini inagandia trei, kwa hiyo katakata vipande vidogo weka friza nusu saa hivi (hapa Uyole kwa baridi ya mwezi wa saba dirishani tu panatosha 😂) ndo uchanganye, na trei utandike karatasi ya kuokea, usijidanganye na blubendi peke yake. Bounty, ile chokoleti ya nazi, pia inakubali sana. Sukari ya kwenye resipi punguza kidogo, maana hizo chokoleti zenyewe zina sukari kibao. Na kama unauza, mwambie mteja kuna karanga, wengine zinawadhuru.