Maua kwenye ploti, na jirani anayeogopa wadudu

SWALI: Habari za kazi, nimekodi kaploti ka mita 5 kwa 10, mboga zipo vizuri ila sasa nataka maua ili nyuki na vipepeo waje, jirani yangu wa ploti ya pili ananiambia ntaita wadudu wamalize mboga za watu. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu. Jirani kasema nusu tu, wadudu watakuja ndio lakini sio wote wanakula mboga. Geuza jani la kunde lenye vidukari, vile vidudu vidogo vinavyofyonza utomvu wa mmea, ukikuta kadudu keusi karefu kenye madoa ya rangi ya chungwa, kanatisha kidogo, usikaue! Huyo ndo mtoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na msosi wake ni hao hao vidukari.

Panda alizeti, zinia na kosmosi, halafu rehani na giligilani ziache zitoe maua usikimbilie kung'oa. Yale maua yaliyojaa petali kama kabichi mi siyapendi, kwa picha safi ila nyuki anahangaika hata chavua haifikii. Acha pia kasehemu ka udongo mtupu usikalime, maana nyuki wengi hawana mzinga wanachimba vishimo chini, na weka sahani ya maji yenye mawe wasizame. Dawa usipulizie maua yakiwa yamefunguka.

Vipepeo nao, ukiwataka ukubali na viwavi, hapo jirani mwachie mche mmoja wa kulalamikia 😄