Si kila mara ni kimondo

Umeuliza kama kila viumbe walipotoweka kwa wingi duniani chanzo kilikuwa kimondo. Hapana. Katika matukio matano makubwa, ni moja tu lenye ushahidi wa wazi: lile la dinosaria, miaka milioni 66 iliyopita. Jiwe la upana wa kilomita 10 hivi liliangukia Chicxulub, Meksiko. Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter na wenzao walieleza kuwa tabaka jembamba la udongo wa mfinyanzi la wakati huohuo, lililobanwa katikati ya mawe ya chokaa huko Gubbio, Italia, lina iridiamu nyingi kupita kawaida. Madini hayo ni adimu kwenye ganda la dunia, ila vimondo vinayo.

Lakini baba lao ni lile la miaka milioni 252 iliyopita, na hapo mtuhumiwa mkuu ni volkeno za Siberia. Usifikirie mlima mmoja uliolipuka siku moja. Lava ilibubujika kwenye nyufa kwa maelfu na maelfu ya miaka, na uji wa moto uliopenya chini kwa chini ukaunguza makaa ya mawe. Hewa ukaa ikajaa angani, bahari zikapata joto na asidi, oksijeni majini ikapungua. Yaani samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji! Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zilipotea.

La kwanza kabisa, miaka milioni 445 hivi iliyopita, linahusishwa na baridi: barafu ilitanda, kina cha bahari kikashuka.