Jazi, Karibi na harakati: anza na Randy Weston

Mkuu, umeuliza kama yupo mwanajazi mwenye damu ya Karibi aliyeunganisha asili yake na harakati za ukombozi wa watu weusi kwa dhati. Msikilize Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn. Baba yake, mwenye asili ya Jamaika na Panama, alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey, Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wajivunie Uafrika wao, akamlea mwanawe ajione Mwafrika aliyezaliwa Marekani.

Mwaka 1960, nchi za Afrika zikijikomboa moja baada ya nyingine, Weston alirekodi albamu ya "Uhuru Afrika". Mashairi ni ya Langston Hughes, mshairi Mmarekani mweusi, upangaji wa muziki ni wa Melba Liston, na kwenye ngoma yumo Olatunji wa Nigeria pamoja na Wakuba Candido na Peraza.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba alitaka lugha ya Kiafrika isikike, akachagua Kiswahili. Mwanzoni kabisa utamsikia Tuntemeke Sanga wa Tanganyika akisoma kwa lugha yetu, na Tanganyika yenyewe ilikuwa bado chini ya Mwingereza! Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Usirukeruke nyimbo, isikilize tangu mwanzo, tena kwa sauti kubwa.