Maswali ya Wasomaji: Koti Lenye Kofia na Majina Yake

SWALI: Mhariri, nimenunua koti la mtumba ili kujikinga na baridi ya Juni. Lebo yake imeandikwa parka, lakini muuzaji aliliita anoraki. Upindo wa nyuma umepasuliwa katikati kama mkia wa samaki, na kila upande una kamba. Fundi anasema hiyo ni kasoro na anataka kuufunga mpasuo. Nimruhusu? Na je, parka na anoraki ni kitu kimoja? (Msomaji, Njombe)

JIBU: Tafadhali usimruhusu, kwa sababu mpasuo huo uliwekwa makusudi. Mshono wa namna hiyo unajulikana zaidi kutokana na koti la jeshi la Marekani liitwalo M-1951, la wakati wa Vita vya Korea. Askari aliizungushia kila nusu ya upindo kwenye paja lake na kuifunga kwa kamba, ili upepo usimwingie kutoka chini. Baadaye makoti hayo yaliuzwa kama ziada ya jeshi, na vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 waliopenda kuendesha skuta waliyanunua kwa bei nafuu, wakayavaa juu ya suti zao ili zisichafuke njiani.

Majina hayo mawili yana asili mbali mbali. Parka ni neno la Wanenets, wafugaji wa kulungu wa Aktiki huko kaskazini mwa Urusi, na kwao lilihusu vazi la ngozi ya mnyama. Warusi walilichukua, wakasafiri nalo kuelekea mashariki wakitafuta manyoya ya biashara, likaota mizizi katika visiwa vya Aleutian, na kutoka huko likaingia katika Kiingereza. Anoraki linatokana na annoraaq, neno la Wainuiti wa Greenland. Kwa asili anoraki halina zipu wala vifungo vya kulifungua mbele: huvaliwa kwa kupitishwa kichwani na huishia nyongani, ilhali parka ni refu zaidi, lina bitana nzito na siku hizi hufunguka mbele. Wauzaji wa leo hawajali tofauti hiyo, ila katika suala la koti lako lebo inasema kweli.

Ningependa msomaji awakumbuke waliobuni mavazi haya, maana hawatajwi kwenye lebo yoyote. Wanawake wa Kiinuiti walishona kwa ngozi ya karibuu, ambaye ni kulungu huyo huyo wa Aktiki, kwa kuwa kila unywele wake una uwazi ndani unaohifadhi hewa na kuzuia baridi. Wakati wa baridi kali, mtu alivaa mavazi mawili, la ndani likiwa na manyoya yanayogusa mwili, na la nje likiwa na manyoya yanayotazama nje. Kwa safari za baharini, jamii za Aktiki zilishona vazi la utumbo wa sili (mnyama wa baharini), uliosafishwa, ukapulizwa na kukaushwa hadi ukawa mwepesi na wa kupenya mwanga. Uzi wake ulikuwa ni kano za mnyama, nao ulipolowa ulivimba na kuziba matundu ya sindano, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yaliyokaza mshono.

Lililo karibu zaidi na maisha yetu ni amauti, vazi la mama. Chini ya kofia yake pana, mgongoni, kuna mfuko wa kumbebea mtoto, ambaye hukaa akiwa ameegemea mgongo wa mama yake na kupata joto lake, na mama anaweza kumzungusha mbele anyonye bila kumtoa nje penye baridi. Ni mbeleko iliyoshonewa ndani ya koti. Pauktuutit, jumuiya ya wanawake wa Kiinuiti nchini Kanada, imedai kwa miaka mingi kwamba mshono wa amauti ulindwe kama mali ya pamoja ya wanawake hao, ili wabunifu wa mitindo wa mbali wasiuchukue bila ridhaa. Sisi tuliosikia, kati ya mwaka 2006 na 2007, kwamba kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi liwe alama yake ya biashara, tunayaelewa madai hayo bila kufafanuliwa sana.

SWALI: Katika darsa la hija tulisoma kwamba mwanamume aliyehirimia asivae baranisi. Ni vazi gani hilo? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Baranisi ni wingi wa burnusi katika Kiarabu. Katika hadithi aliyoipokea Ibn Umar, Mtume (S.A.W.) alilitaja pamoja na kanzu, vilemba, suruali na khofu, yaani soksi za ngozi. Wanazuoni wa lugha wamelieleza kuwa ni kila vazi ambalo kifuniko chake cha kichwa kimeungana nalo, kwa hiyo maana yake ni pana kuliko vazi la nchi moja. Siku hizi jina hilo hutumika hasa Afrika Kaskazini kwa joho la sufu lisilo na mikono, lenye kofia iliyochongoka, vazi la Waamazighi na majirani zao. Lenye mikono ni jalaba, ambalo Wamoroko huvaa hata sokoni.

SWALI: Je, ni kweli kwamba kahawa ya kapuchino ina uhusiano na watawa? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Ni kweli, na uhusiano huo unapitia kwenye kofia. Kwa Kiitaliano, kofia iliyoshonewa kwenye vazi huitwa cappuccio. Katika miaka ya 1520, baadhi ya Wafransisko wa Italia walirudia kofia ndefu iliyochongoka, wakiamini ndivyo Mtakatifu Fransisko alivyovaa, na kwa ajili hiyo wakaitwa Wakapuchini. Ni shirika lile lile la Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi, aliyepokea uongozi wa Jimbo Kuu la Dar es Salaam mwaka 2019. Kahawa ilipata jina kutokana na rangi: ikichanganywa na maziwa, huwa ya kahawia kama kanzu yao.