Kwa mnaoanza kutafiti mimea na saratani hapa Kigoma

Wadogo zangu, kuua seli ya saratani na kuizuia isisambae ni kazi mbili tofauti, wengi mnazichanganya. Saratani ikisambaa, seli inajibandua kwenye uvimbe, inayeyusha tishu zilizoizunguka kwa vimeng'enya kama MMP-2 na MMP-9, inaingia kwenye damu au limfu, afu inaenda kuota kwenye ini, mapafu au mifupa, na hapo ndo wagonjwa wengi wanatutoka.

Sasa mtu anataka kujua kama dawa yake inazuia seli kutembea, anachana mstari kwenye seli alizootesha kwenye sahani kwa ncha ya pipeti, anaweka dawa yake ya majani, kesho yake anakuta pengo halijaziba, anashangilia. Subiri kwanza! Seli iliyokufa haitembei, na iliyoacha kugawanyika haiongezeki kusaidia kujaza pengo. Anza na kipimo cha sumu, tafuta dozi ambayo seli ziko hai na nzima, ndo uje upime mwendo kwa dozi hiyohiyo, na kama dawa umeiyeyusha kwa DMSO, kile kiyeyushi cha maabara, weka sahani nyingine ya seli yenye DMSO peke yake bila dawa. Hii hatua msiiruke jamani, naomba sana.

Mmea wenyewe kata tawi lenye maua umpelekee mtaalamu wa mimea, jina la kienyeji halitoshi, Waha wanauita hivi Watongwe wanauita vile.

Na vya kwetu msividharau. Kule hifadhi ya Mahale mwaka 1987 watafiti Mohamedi Seifu Kalunde na Michael Huffman walimwona sokwe jike anaumwa, anatafuna kiini cha shina la mjonso, ule mchungu ambao Watongwe wanautumia kwa tumbo, na ndani yake kuna kemikali iitwayo vernodalini ambayo maabarani imeua seli za saratani. Imeua, tena kwenye sahani, kwa mtu bado. Paklitakseli, dawa ya saratani iliyotokana na gome la mti, gome lenyewe lilichukuliwa Marekani 1962, ikaruhusiwa kutibu saratani 1992, miaka 30 hiyo. Kurkumini ya manjano nayo kwenye sahani inazuia seli kutembea vizuri tu, ila ukiila inafika kidogo mno kwenye damu.

Halafu mtaani, iwe Mwanga au Ujiji, wakijua unasoma saratani watakuja kuomba majani. Usiwape. Muulize kama ameshafika hospitali zinazotibu saratani, Bugando ya Mwanza au Ocean Road ya Dar, na kama anakunywa mitishamba amweleze daktari wake yote, maana iko inayogombana na dawa za saratani za dripu.