Mbwa akishachanjwa mara mbili, amemaliza?

SWALI: Assalamu alaykum daktari. Nipo Konde, Pemba. Nina mbwa jike wa miaka 4, ananilindia mihogo na ndizi zisimalizwe na tumbili. Alichanjwa kichaa akiwa mdogo, akarudiwa wachanjaji walipopita mtaani, na kwa mujibu wa kadi sasa ni miaka 2. Amezaa, watoto wana wiki 5. Jirani ananiambia mbwa aliyechanjwa mara mbili amemaliza, na hawa wadogo nisubiri wakue wapigwe zote siku moja. Nimsikilize?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Jirani amekosea yote mawili, ila hilo la watoto lina chembe ya ukweli, basi nianze nalo.

Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama yake kwa maziwa ya mwanzo, ile dang'a. Kinga hiyo humlinda, na hiyo hiyo huizima chanjo: ukimchoma mapema, dawa inamalizwa kabla mwili wake haujajifunza kitu. Inaisha lini? Kila mmoja na siku yake, hata wa tumbo moja. Ndiyo maana chanjo ya magonjwa ya virusi vya mbwa, yaani parvo (ile ya kuharisha damu), distempa na homa ya ini, tunaianza kati ya wiki ya 6 na ya 8, tunairudia kila baada ya wiki 2 hadi 4, na ya mwisho lazima imkute ametimiza wiki 16. Wengi hukatisha njiani. Wanafika ya pili, kijibwa kinarukaruka, wanaona yamekwisha. Halafu siku moja kinakataa chakula, kinatapika, kinaharisha damu yenye harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Akizimaliza sindano hizo za utotoni, arudiwe akiwa na miezi 6 au mwaka, kisha kila baada ya miaka 3.

Kichaa kina hesabu yake: miezi 3, kisha baada ya mwaka, kisha kwa muda ulioandikwa kwenye kichupa, maana zipo za mwaka mmoja na zipo za miaka 3. Kama kadi yako ina tarehe tu bila jina la chanjo, hesabu mwaka. Kwa hesabu hiyo mama mtu amechelewa, lakini haanzi upya; sindano moja inamrudisha kwenye mstari. Na chanjo ya mtaani ikipita kwenu kabla watoto hawajafika miezi 3, wapeleke hivyo hivyo, wakitimiza warudiwe.

Hapa Pemba nalisisitiza hili kwa sababu tumeshakiona kichaa kikiondoka na kurudi. Kilikatika 2014, kikaingia tena 2016 kutoka nje ya kisiwa, kikakatika tena 2018 kwa kuchanja mbwa. Ili kisisambae, takriban asilimia 70 ya mbwa wawe na kinga, na mbwa wetu hawaishi sana: waliochanjwa wanakufa, wanazaliwa wapya wasio na kitu. Tenga lako hilo la watoto ndilo linaloishusha hesabu.

Jambo moja watu hulichanganya: sindano ya mtaani kwa kawaida ni ya kichaa peke yake. Kama kadi ya huyo mama haina jengine, basi kwa parvo na distempa hajawahi kuchanjwa. Kwa umri wake hahitaji mlolongo wa watoto. Muombe daktari wa mifugo amchome chanjo hiyo. Kama shamba limepakana na bonde la mpunga lenye panya, aongezewe ya homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi 2022 ikaua watu. Hiyo ni mara mbili kwa kupishana wiki 2 hadi 4, kisha kila mwaka bila kuruka, kwani kinga yake ni fupi.

Usinunue vichupa vya kuletewa kwa boti ndani ya mkoba. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8. Nimeshaletewa kilichogandishwa kwenye friza kwa nia njema kabisa, nikakitupa.

Siku ya sindano mfunge kamba, na kipande cha kanga mdomoni kama hajazoea kushikwa. Akilala sana siku hiyo au akiumia alipochomwa, muache. Uso ukimvimba ndani ya saa chache, mrudishe papo hapo.